Tusiwaketishe wazee mpaka miguu isahau kazi

Katika nyumba nyingi za Pwani, mtu akishafika miaka sabini hupewa heshima moja ambayo haina jina: heshima ya kuketishwa. Maji huletewa alipo. Chai huletewa alipo. Akitaka kuinuka achukue leso yake, watu watatu huruka: "Kaa mama, kaa, nitakuletea." Akishika ufagio, mkaza mwana humpokonya kwa haya, maana majirani watasema nini wakimwona bibi anafagia na vijana wapo? Babu naye hutolewa kiti barazani asubuhi, na jioni hukutwa pale pale, amefuata kivuli tu.

Nia ni njema. Ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Lakini mwili una kanuni yake, na haujui adabu: kiungo kisichotumika hudhoofika. Na miguu iliyodhoofika ndiyo inayomwangusha mzee anapokwenda msalani saa tisa za usiku peke yake, wakati wale watu watatu wamelala.

Makala haya yanaeleza kwa nini wazee huanguka, utafiti umeonyesha nini kuhusu mazoezi ya nyumbani, na namna ya kuyafanya katika chumba cha kawaida kwa kutumia kiti na ukuta. Hayahitaji jimu wala kifaa cha kununua.

Kuanguka si jambo dogo

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Katika vifo vinavyotokana na majeraha yasiyokusudiwa, kuanguka kunashika nafasi ya pili, nyuma ya ajali za barabarani. Wanaokufa kwa wingi ni waliovuka miaka 60. Kisha kuna matukio mengine milioni 37.3 kila mwaka ambapo mtu huanguka vibaya kiasi cha kuhitaji matibabu.

Kwetu hatuna mazoea ya kuhesabu. Mzee akifariki miezi mitatu baada ya kuvunjika nyonga, tangazo husema "aliugua kwa muda mfupi". Ule utelezi wa bafuni ulioanzisha yote husahaulika.

Mlolongo wenyewe huwa hivi. Mfupa wa mzee, hasa wa mwanamke aliyekoma hedhi, huwa umepungua uzito na ugumu. Kuanguka kutoka kimo cha kusimama tu kunaweza kuuvunja. Fupa la paja likivunjika karibu na nyonga, mara nyingi tiba yake ni upasuaji. Mgonjwa asipopasuliwa mapema hulala kitandani wiki nyingi, na kulala huko huleta vidonda vya mgongoni na matakoni, nimonia, na damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Mara nyingi hayo ndiyo yanayomaliza mtu, wala si mfupa.

Gharama nazo hazisemeki. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hupata Sh2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazimtoshi kwa dawa za kawaida, seuze upasuaji wa nyonga. Mzigo huangukia watoto, na aghalabu binti mmoja ndiye anayeacha kazi au biashara yake ili amgeuze mgonjwa kitandani.

Hata asipovunjika mahali, mzee aliyeanguka mara moja huanza kuogopa. Huacha kwenda msikitini au kanisani, huacha kwenda kwa jirani, huacha hata kutoka uani. Kwa kuwa hatembei, misuli hupungua. Kwa kuwa misuli imepungua, huanguka tena. Woga uliodhaniwa ni kinga unageuka kuwa chanzo cha pili cha kuanguka.

Kwa nini miguu husaliti

Kusimama wima ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Macho huuambia ubongo sakafu iko wapi. Sikio la ndani huuambia kichwa kimeinamia upande gani. Nyayo na viungo huuambia uzito umelalia wapi. Ubongo ukishakusanya habari hizo huiamuru misuli ya miguu, nyonga na kiuno irekebishe mwili kabla haujapinduka. Yote hayo hutendeka upesi kuliko kupepesa jicho.

Uzee hugusa kila sehemu ya mtambo huo. Mtoto wa jicho hufifisha macho. Kisukari, ambacho kimejaa katika nyumba zetu, hutia ganzi nyayo, hata mtu asihisi vizuri anachokanyaga. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aone kizunguzungu anapoinuka ghafla, na dawa za usingizi humfanya ayumbe. Nayo misuli huanza kupungua taratibu mtu akiwa na miaka thelathini na kitu, kisha kasi huongezeka baada ya 60.

Kijana akijikwaa kwenye kizingiti, mguu wa pili huruka mbele ukamshika. Mzee naye hujua kwamba anaanguka, ila mguu wa pili hauna nguvu ya kufika kwa wakati. Tofauti ya wawili hao ni nguvu na wepesi wa mguu, na vitu hivyo viwili hufundishika katika umri wowote.

Kukaa huondoa nguvu hizo haraka ajabu. Watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku kumi tu, na mwaka 2007 wakatangaza matokeo: kwa wastani walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Kama siku kumi zinafanya hivyo kwa mwenye afya, fikiria miaka mitatu ya kiti cha barazani.

Utaona jambo hili kwa mzee aliyetolewa Kaloleni au Kinango kuja kuishi kwa mwanawe Mombasa. Kule alikuwa akilima kidogo, akifuata mbuzi, akichuchumaa mekoni. Alipoletwa mjini "apumzike" aliwekwa sebuleni mbele ya televisheni. Baada ya mwaka mmoja watu husema mji umemzeesha. Kwa hakika kilichomzeesha ni kile kiti.

Utafiti unasema nini

Kuna wanaodhani kwamba miguu ikishaisha imeisha. Si kweli. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha habari za wakaazi dhaifu wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, waliofanyishwa mazoezi ya nguvu za miguu kwa wiki nane. Kwa waliomaliza, nguvu za misuli ya paja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili kati yao waliacha kutumia mkongojo.

Kwa mazoezi ya nyumbani hasa, jaribio linalojulikana zaidi lilifanyika Dunedin, New Zealand, chini ya Chuo Kikuu cha Otago. Wanawake 233 wenye umri wa miaka 80 na zaidi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifundishwa nyumbani na mtaalamu wa fiziotherapia mazoezi ya nguvu na ya kujimudu mwili, kisha wakaachiwa wayaendeleze wenyewe. Kundi la pili liliendelea na maisha ya kawaida. Mwaka ulipokwisha, kundi lisilofanya mazoezi lilikuwa limeanguka mara 152. Kundi la mazoezi lilianguka mara 88. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997, na mpango huo sasa hutumika katika nchi nyingi kwa jina la Otago.

Mwaka 2019 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, lilitazama tafiti 108 kutoka nchi 25 zilizohusu watu 23,407. Kwa jumla, mazoezi yalipunguza kuanguka kwa asilimia 23. Yaliyochanganya kujimudu mwili na kuongeza nguvu za misuli yalipunguza kwa takriban asilimia 34. Kutembea peke yake hakukuthibitika kuzuia kuanguka. Matembezi ya jioni ufukweni ni mazuri kwa moyo na kwa sukari, lakini hayatoshi kumzuia mtu asianguke. Lazima misuli ipewe kazi nzito kidogo, na lazima mwili uzoeshwe kuyumba na kujirudisha.

Jipime kwanza

Kabla ya kuanza, mzee apimwe na mtu aliyesimama kando yake, karibu na ukuta au meza nzito. Vipimo ni viwili.

Cha kwanza ni cha kusimama. Mzee asimame miguu ikiwa sambamba na imegusana, ahesabu sekunde 10. Kisha asogeze mguu mmoja mbele nusu, ili tumbo la unyayo wake likae kando ya kidole gumba cha mguu wa pili, sekunde 10. Kisha aweke kisigino cha mguu mmoja mbele kabisa ya vidole vya mwingine, kama anayetembea juu ya uzi, sekunde 10. Mwisho asimame kwa mguu mmoja, sekunde 10. Akishindwa hatua moja, asiende ya pili. Asiyeweza kumaliza sekunde 10 katika ile ya kisigino na kidole yumo katika hatari zaidi ya kuanguka.

Kipimo cha pili ni cha kuinuka. Aketi katika kiti cha kimo cha kawaida, akunje mikono kifuani, kisha ainuke na kuketi mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Kwa mtu wa miaka 70 hadi 74, chini ya mara 12 kwa mwanamume au mara 10 kwa mwanamke ni dalili ya miguu dhaifu. Kwa wa miaka 80 hadi 84, ni chini ya 10 kwa mwanamume na chini ya 9 kwa mwanamke. Asiyeweza kuinuka bila kujisukuma kwa mikono huhesabiwa sifuri, na huyo ndiye anayehitaji mazoezi kuliko wote.

Andika matokeo kwenye karatasi, ubandike ukutani. Baada ya wiki nane mpime tena. Hakuna kinachomtia moyo mzee kama kuona hesabu yake imepanda.

Mazoezi yenyewe

Chagua kiti cha mbao, kizito, chenye mgongo, ukiegemeze ukutani. Viti vyepesi vya plastiki huteleza juu ya saruji na vigae. Avae viatu vinavyoshika kisigino au awe miguu mitupu juu ya sakafu kavu, ila asivae ndara. Dera na leso zifupishwe zisikanyagwe, na kikoi kifungwe vizuri. Kwa wiki za mwanzo awepo mtu wa kusimama karibu.

Moja: kuinuka na kuketi. Aketi mbele kidogo ya kiti, miguu iachane kadiri ya upana wa mabega, visigino vivutwe nyuma ya magoti. Ainame mbele, ainuke, asimame wima, kisha ashuke polepole akihesabu hadi tatu. Asijibwage, maana huko kushuka polepole kunajenga misuli zaidi. Afanye mara 10. Anayeshindwa aanze kwa kusaidiwa na mikono miwili, baadaye mmoja, baadaye asishike kabisa.

Mbili: kuinua visigino. Asimame nyuma ya kiti akishika mgongo wake. Anyanyuke kwa vidole vya miguu, atulie kidogo, ashuke taratibu. Mara 10, kisha apumzike na kurudia. Zoezi hili huimarisha mashavu ya miguu, yanayomsukuma mtu mbele anapotembea.

Tatu: kuinua vidole. Akiwa ameshika kiti, asimamie visigino na kuinua vidole vya miguu juu. Mara 10. Mzee anayeburuta miguu hujikwaa kwenye ukingo wa mkeka kwa sababu misuli ya mbele ya mguu imechoka kuinua vidole.

Nne: kufungua mguu kando. Mwili ukiwa wima, apeleke mguu mmoja kando bila kuinamisha kiwiliwili, aurudishe. Mara 10 kila mguu. Hapa hufanya kazi misuli ya kando ya nyonga, ambayo humzuia mtu asipinduke ubavuni, na kuanguka ubavuni ndiko kunakovunja nyonga.

Tano: kukunja goti nyuma. Akishika kiti, ainue kisigino kuelekea tako, ashushe. Mara 10 kila mguu. Zoezi hili na lile la nne yakiwa mepesi, afungwe kifundoni kifuko cha kitambaa chenye nusu kilo ya mchanga, na baada ya wiki kadhaa kilo moja.

Sita: kusimama kisigino kwa kidole, karibu na ukuta, sekunde 10, kisha kubadilisha mguu wa mbele. Akizoea, atembee hatua 10 kwa mtindo huo akipapasa ukuta.

Saba: kutembea kando kama kaa wa pwani, hatua 10 kulia na 10 kushoto, uso ukielekea ukutani.

Nane: kusimama kwa mguu mmoja, sekunde 10 kila upande. Aanze kwa kushika kwa mikono miwili, kisha mmoja, kisha ncha za vidole tu. Hatimaye mikono ielee juu ya kiti bila kugusa.

Afanye haya siku tatu kwa wiki, kwa muda wa nusu saa, na akipenda aigawe nusu saa hiyo mara tatu za dakika kumi. Siku zilizobaki atembee. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujimudu mwili siku tatu au zaidi kila wiki. Mwezi wa Ramadhani afanye baada ya futari, chakula kikishashuka.

Zoezi likiwa rahisi kabisa halisaidii tena. Mwili lazima uone kazi kidogo, uyumbe na kujirudisha, mikono ikiwa karibu na kitu cha kushika. Misuli kuuma siku moja au mbili za mwanzo ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo si kawaida. Apumzishe zoezi hilo. Chakula nacho kina sehemu yake: misuli haijengwi kwa chai na mkate pekee. Samaki, mayai, maziwa, maharagwe, kunde na pojo viwepo kila siku.

Kazi za nyumbani ni mazoezi

Wengi watasema: mama hatakubali. Atacheka, aseme hayo ni mambo ya watoto wa shule. Kwa mtu kama huyo kuna njia nyingine, nayo pia imepimwa. Sydney, Australia, watafiti waliwachukua watu 317 wenye miaka 70 na zaidi waliokwisha kuanguka. Badala ya kuwatengea saa ya mazoezi, kundi moja waliwafundisha kuyatia mazoezi ndani ya shughuli zao za kila siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuanguka kumepungua kwa asilimia 31 kwa kundi hilo.

Njia hii inatufaa sana. Anapopiga mswaki, asimame kisigino kwa kidole huku mkono mmoja ukishika ukuta. Akisubiri chai ichemke, ainue visigino mara 10. Akienda mekoni kutoka chumbani, hatua chache azipige kwa kando. Akitaka kuketi, ashuke, asikae kabisa, ainuke tena, ndipo aketi. Ukichambua mchele naye, mwekee ungo juu ya meza asimame, si kitini. Mwachie afagie sebule. Mwachie anike nguo nyepesi na kumwagilia mimea.

Kwa Waislamu, swala yenyewe ina kusimama, kurukuu, kusujudu na kuinuka, mara nyingi kwa siku. Mzee anayeweza kuswali kwa kusimama asikimbilie kiti kwa sababu tu wenzake wamekaa. Anayeswali kitini kwa udhuru wa magoti asione haya, ila ajue miguu yake imepoteza sehemu ya kazi iliyoizoea, na ailipe kwa zoezi la kuinuka na kuketi.

Nao wazee wa kiume wanaokutana barazani kwa kahawa na bao wana nafasi nzuri. Kabla ya bao la kwanza, kila mtu ainuke na kuketi mara 10. Watataniana, na utani huo ndio utakaowarudisha kesho.

Nani aulize daktari kwanza

Mazoezi haya ni salama kwa wazee wengi, lakini si kwa kila mtu bila kuuliza. Aende kituo cha afya kwanza aliye na maumivu ya kifua au anayekosa pumzi kwa kazi ndogo, anayezimia au kupata kizunguzungu mara kwa mara, aliyepata kiharusi, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aliyevunjika mfupa, na aliyekwisha kuanguka mara mbili au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Katikati ya zoezi, akiona kifua kinabana, macho yanaingia giza au moyo unakwenda mbio kupita kiasi, aketi na kuacha. Yasipomwisha haraka, apelekwe hospitali.

Apeleke na dawa zake zote, hata za mitishamba na za kununua dukani, na aulize kama kuna inayomyumbisha. Asiache dawa ya presha kwa uamuzi wake. Macho nayo yapimwe. Kwa walio mbali na hospitali, wapo wahudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 serikali iliwatuma zaidi ya 100,000 nchi nzima wakiwa na mikoba ya vifaa, vikiwemo vya kupima presha na sukari nyumbani. Muulize wa mtaa wako akupitie.

Nyumba nayo itazamwe

Miguu yenye nguvu bado yaweza kuteleza penye sabuni. Msalani na bafuni ndiko kwenye hatari kubwa: sakafu ikaushwe, na fundi apige chuma cha kushika ukutani karibu na choo. Mkeka uliokunjika ukingoni uondolewe njiani. Nyaya zisipite sakafuni. Taa ndogo au tochi iwe karibu na kitanda, na akiamka usiku aketi kitandani dakika moja kabla ya kusimama. Nyumba za Mji wa Kale Mombasa na za Lamu zina ngazi zenye vipandio virefu na giza. Zitiwe taa na kitu cha kushika, na chumba cha mzee kihamishiwe chini ikiwezekana.

Akianguka

Usimvute mkono kumwinua mara moja. Mwache atulie, muulize anaumia wapi. Akiwa hana maumivu makali, ajigeuze ubavu, ajiinue kwa viwiko, atambae kwa magoti hadi kwenye kiti kizito, aweke mguu mmoja mbele na kujisukuma juu. Afadhali afundishwe haya mapema, siku ya salama.

Akishindwa kukanyaga, au mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Asikandwe na asiitiwe mvutaji wa mifupa. Mlazeni alivyo na mtafute gari la hospitali. Aliyegonga kichwa, hasa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aonwe na daktari siku hiyo hiyo hata kama anazungumza vizuri.

Neno kwa wenye wazee

Wewe mzee unayesoma haya, au unayesomewa na mjukuu, usikubali kila unachotumwa ukae. Wakikuambia "kaa mama", waambie daktari kasema usimame. Usingoje mpaka uanguke ndipo uanze, wala usiache ukishaona nafuu, maana nguvu za misuli huondoka pale mazoezi yanapoachwa.

Nanyi watoto na wajukuu, heshima haipungui mama akibeba kikombe chake mwenyewe kukirudisha mekoni. Atakapotaka kuinuka, usimkimbilie kwa chai. Simama kando yake, mtolee mkono karibu bila kumshika, mhesabie: moja, mbili, tatu. Akiinuka, mwambie aketi tena polepole, arudie mara tisa. Hiyo ni kazi ya dakika tatu, na mnaweza kuianza jioni ya leo.